Farasi wa Kondoa-Irangi, 1916

Aprili 1916, Jenerali Jacob van Deventer aliondoka Arusha na brigedi ya wapanda farasi wa Afrika Kusini, watu wapatao 1,200, kwenda kuwanyang'anya Wajerumani mji wa Kondoa-Irangi. Masika yalikuwa yamekwisha kuanza. Nimekuwa bwana mifugo miaka mingi kwenye njia hiyohiyo, Babati hadi Kondoa, na kila nikisoma habari za safari ile macho yangu huwaacha majenerali na kwenda kwa askari wa kawaida na mnyama aliyembeba.

Askari yule alivaa sare ya kaki, kofia pana ya kuzuia jua na buti, na miguuni akajizungushia vitambaa vya sufu kutoka kifundo hadi karibu na goti. Upanga hakuwa nao. Farasi alikuwa wa kumfikisha haraka. Penye mapigano alishuka, akapigana kwa miguu, na katika kila watu wanne mmoja alibaki nyuma kushika farasi wa wenzake. Silaha yake ilikuwa bunduki ya Lee-Enfield, kilo 4 hivi. Begani alipitisha mkanda wa ngozi wenye vijumba 9, kila kijumba risasi 10.

Ila kifaa ninachokistahi kuliko vyote ni tandiko. Lilikuwa na mbao mbili za kulala ubavuni mwa uti wa mgongo, zimeunganishwa kwa matao ya chuma, ili uzito ukae kwenye nyama na mfupa usiguswe. Chini yake liliwekwa blanketi lililokunjwa. Farasi akikonda safarini, askari alilikunja upya liwe nene, tandiko lisimchubue. Aliyelibuni alijua mgongo wa farasi vizuri kabisa. Ukijumlisha mtu, bunduki, risasi, chupa ya maji, koti na mfuko wa nafaka, mnyama alibeba kilo 110 na ushei, na kwenye nchi kavu yenye majani mazuri angeweza.

Nchi ile haikuwa hivyo. Kusini ya Lolkisale, kilima walichokiteka tarehe 6 Aprili, walikutana na mvua, matope na mbung'o. Mbung'o huleta nagana, ugonjwa unaomla farasi polepole: homa inapanda na kushuka, tumbo na miguu vinavimba, anakonda huku bado anakula. Ugonjwa mwingine ulikuwa tauni ya farasi, inayoenezwa na usubi nyakati za mvua. Huo hauchelewi. Asubuhi mnyama anafanya kazi, jioni mapafu yamejaa maji na povu jeupe linamtoka puani. Blanketi hapo ulikunje upendavyo.

Walipoingia Kondoa tarehe 19 Aprili, wenye farasi wa kufaa vita walikuwa kama nusu tu. Aliyefiwa na farasi alitembea, na buti zikamwishia njiani. Chakula kilikuwa nyuma yao, zaidi ya kilomita 200 za matope ambamo magari yalizama, kwa hiyo walikula kidogo walichokipata kwa wenyeji. Tarehe 9 Mei usiku von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashambulia, nao wakamzuia wakiwa kwenye mahandaki, kama askari wowote wa miguu.

Kinachoniuma ni kwamba mambo haya yalikuwa yanajulikana. Katika miaka ya 1890 David Bruce alikuwa amekwisha onyesha, huko Zululand, kwamba nagana huletwa na mbung'o. Zululand iko Afrika Kusini, nchi waliyotoka askari hawa. Madaktari wa mifugo wa jeshi walijua mbuga yenye mbung'o ina maana gani kwa farasi. Lakini Jenerali Smuts, mkuu wa majeshi ya Uingereza katika vita hiyo, alitaka mwendo wa kasi, ili awazunguke Wajerumani kabla hawajarudi nyuma, na kwa sababu hiyo meli ziliendelea kushusha farasi wapya katika bandari ya Kilindini, Mombasa. Kati ya Septemba na Novemba 1916 jeshi lake lilipoteza farasi wapatao 10,000, nyumbu 10,000 na maksai 11,000.

Mwisho wa mwaka Waafrika Kusini wengi, wagonjwa wa malaria na kuhara, walirudishwa kwao. Vita iliendelea miaka miwili zaidi, hasa mikononi mwa vikosi vya King's African Rifles (KAR) vilivyotembea kwa miguu, na mizigo yao ikabebwa na wapagazi, ambao nao walikufa kwa maelfu.