Nyumba za Ndege katika Kuta za Misikiti ya Istanbul



Mwenye kusimama nje ya Msikiti wa Yeni Valide, Üsküdar, ng'ambo ya Asia ya mji wa Istanbul, akainua macho, ataona ukutani msikiti mwingine mdogo wa mawe wenye minara yake. Huo mdogo ni nyumba ya ndege. Msikiti wenyewe ulijengwa baina ya mwaka 1708 na 1710, zama za Sultani Ahmed III. Nyumba kama hizo zipo pia katika Msikiti wa Ayazma uliojengwa karibu na mwaka 1760, katika madrasa ya Seyyid Hasan Pasha ya mwaka 1745, na hata katika jengo la kugawia maji la Taksim la mwaka 1732.

Wageni huzitazama kuba na minara midogo wakasifu mapambo. Sisi tunaona la kusifiwa zaidi ni mahali zilipowekwa. Ziko juu, paka hafiki wala mkono wa mtoto. Zimeelekezwa kwenye jua na kukingwa na upepo mkali wa baridi. Na nyingi zimetokeza nje ya ukuta juu ya mawe yaliyochongwa kuzibeba. Zile za mwanzo zilikuwa matundu matupu tu yaliyoachwa na waashi ukutani. Makasri yalikuja baadaye, hasa karne ya 18. Na kwa hakika shomoro hana haja ya mnara. Anataka tundu dogo, ukavu na amani.

Ndugu msomaji, hapa pana mas'ala ya fiqhi ambayo wanahistoria wengi huyapita, nayo ni kinyesi. Waosmani walifuata madhehebu ya Imam Abu Hanifa, ambamo kinyesi cha njiwa na shomoro si najisi. Al-Marghinani (aliyefariki 593H) ameitolea hoja hiyo katika Al-Hidaya kwa Waislamu kuwaacha njiwa misikitini bila ya kuwakataza. Sisi Mashafi tunasema, kwa kauli mashuhuri, kuwa ni najisi, ila husamehewa sakafuni pale inapokuwa tabu kuepukana nacho, mtu asipokikanyaga kwa makusudi na pasiwe na umajimaji. Basi ile nyumba iliyotokeza nje ya ukuta inafaa kwa madhehebu zote mbili, kwani uchafu huanguka nje.

Asili ya mapenzi haya ni ya kale kuliko Istanbul. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud kwamba Maswahaba wakiwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akitandaza mbawa. Mtume (S.A.W.) aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Ibn Majah naye amepokea kutoka kwa Jabir kuwa mwenye kumjengea Allah msikiti, ujapokuwa mfano wa pale anapotagia ndege qatwa, hujengewa nyumba Peponi. Na wanahistoria wa Misri wanasimulia kuwa Amr bin Al-Aas alipotaka kuondoka kuelekea Iskandaria alikuta njiwa amezaa juu ya hema lake, akaamuru hema liachwe. Mji uliojengwa hapo ukaitwa Fustat, yaani hema.

Waturuki walikwenda mbali zaidi, wakaweka wakfu za kulisha ndege wakati wa baridi. Katika vitabu vyetu, wakfu kwa ndege wa porini hausihi, lakini Al-Ghazali amewatoa njiwa wa Makka katika hukumu hiyo. Kutoa punje kwa njia ya sadaka, lakini, hakuna anayekukataza.

Anayetaka kuweka nyumba ya ndege msikitini au uani kwake na aanze kwa ndege, si kwa rangi. Kwa shomoro, tundu la upana wa sentimita 3 latosha. Kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 na ambaye leo huharibu viota vya wenzake pwani yetu yote, hapiti hapo. Kijiti cha kutulia mbele ya tundu hakihitajiki, humsaidia adui tu. Mbao ziachwe bila rangi kwa ndani, sakafu itobolewe maji yatoke, na isitundikwe juu ya birika la udhu wala mlangoni wanapopita watu.

Jambo moja linatuuma. Misikiti inapokarabatiwa, tumeona mafundi wakipigilia waya kwenye upenu huku makinda yanalia ndani, na kamati inatazama. Kuziba upenu kwa ajili ya usafi ni haki yao. Lakini shomoro hulalia mayai siku 11 mpaka 14, na makinda huruka baada ya majuma mawili hivi. Imamu akimwambia fundi aanze upande mwingine, mwezi mmoja haujesha ila pamekuwa patupu.