Kizunguzungu: Ugonjwa wa Kichwa ao wa Sikio?

Hapa kwetu Kivu, mtu akishikwa na kizunguzungu hata akaegemea ukuta, majirani wanaanza: amelewa, ao damu imepunguka, ao kuna mtu amemloga. Tusicheke. Hata wanganga wa Paris walipotea miaka mingi. Kwao ilikuwa damu iliyojaa ubongoni, basi mgonjwa alitolewa damu.

Katika 1861 Prosper Ménière, munganga mkuu wa shule ya viziwi pale Paris, aliwaambia wenzake kwamba kizunguzungu chenye kuja pamoja na makelele masikioni kinatoka ndani ya sikio. Wengi hawakumsadiki, na mwaka uliofuata akafa. Baadaye Charcot aliwapa wagonjwa hao kinini, dawa ileile tunayoijua sisi, juu miti yake ilipandwa huku Kivu. Na nani hajui namna masikio yanalia ukiimeza! Nayo yenyewe inaweza kuleta kizunguzungu.

Kuna kingine, kile cha kugeuka kitandani. Ndani ya sikio muna vijiwe vidogo sana vya chokaa. Vikitoka mahali pao na kuingia katika mifereji ya sikio, unaona nyumba inazunguka. Mwamerika John Epley alionyesha kwamba kugeuza kichwa na mwili hatua kwa hatua kunavirudisha. Wenzake walimdharau, maandiko yake yalitokea 1992. Leo wagonjwa wengi wa namna hiyo wanapata nafuu kwa dakika chache, bila sindano wala kidonge.

Lakini munganga apime kwanza. Mdomo ukipinda ao mkono ukilegea, hayo si mambo ya vijiwe: apelekwe hospitali saa ileile.