Utovu wa Nidhamu na Fao la Kukosa Kazi

Katika sheria za Marekani za bima ya kukosa kazi, ambazo jimbo la Wisconsin lilitangulia kuzitunga mwaka 1932, miaka mitatu kabla ya Sheria ya Hifadhi ya Jamii kuzieneza nchi nzima, mna istilahi moja ambayo wafasiri wetu aghalabu huiandika "utovu wa nidhamu". Na juu ya maneno hayo husimama au huanguka riziki ya mtu, kwani aliyepunguzwa kwa kuwa kazi imekwisha hulipwa fao, ilhali aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu hunyimwa.

Tafsiri hiyo si batili, lakini ni pana mno. Katika usemi wetu mchelewaji ni mtovu wa nidhamu, msahaulifu kadhalika, na pengine hata asiyeiweza kazi husemwa vivyo hivyo. Mahakama ya Juu ya Wisconsin, ilipoamua kesi ya kampuni ya teksi ya Boynton mwaka 1941, iliyatenga mambo hayo: utovu unaomnyima mtu fao ni kuyadharau kwa kusudi maslahi ya mwajiri, au uzembe uliokithiri au kukaririwa hata ukafanana na nia mbaya, ama kushindwa kazi, kughafilika mara moja, au kukosea kwa nia njema, hizo ni taksiri tu, ambazo zaweza kumfukuzisha mtu kazi bila ya kumpotezea fao. Majimbo mengi yaliifuata fasili hiyo. Basi na tuandike "utovu wa nidhamu wa makusudi", wala neno hilo la mwisho lisiachwe kwa kutaka ufupi, maana mhamiaji kutoka Kongo asomaye barua ya kunyimwa fao isiyo nalo hukiri kosa moyoni mwake na kuacha kukata rufaa, ilhali katika kesi ya kufukuzwa mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri.

Aliyeacha kazi mwenyewe ndiye hudaiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki.

Muda wa rufaa ni mfupi: siku 14 katika Wisconsin, 30 katika California. Hakimu husikiliza pande zote mbili chini ya kiapo, mara nyingi kwa simu, na asiyejua Kiingereza ana haki ya kuomba mkalimani. Naye mrufani aendelee kudai fao kila wiki wakati anapongoja hukumu, kwani wiki asiyoidai huenda asilipwe hata akishinda.