Tangi la mafuta likishang'olewa, kazi bado iko ardhini

KUNG'OA tangi la mafuta lililofukiwa ardhini kunaweza kuwa kazi ya siku chache tu, lakini kujua kama lilivuja, na mafuta yamefika wapi, kunaweza kuchukua miezi mingi.

Wakazi wa Santa Monica, mji ulioko katika jimbo la California nchini Marekani, waliyajua hayo mwaka 1996. Mwaka huo mji ulifunga visima vyake vya Charnock na Arcadia baada ya kugundulika kemikali ya MTBE, iliyokuwa ikichanganywa katika petroli ili iungue vizuri. Ilikuwa imevuja kutoka katika matangi na mabomba ya mafuta ya chini ya ardhi.

Mji huo ulipoteza takriban nusu ya maji yake, ukalazimika kununua maji kutoka nje, na ilipita zaidi ya miaka 10 kabla ya visima vya Charnock kurejea kutoa maji ya kunywa. California ilipiga marufuku MTBE katika petroli kuanzia mwaka 2004.

Marekani ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya matangi hayo mwaka 1984. Kanuni zake za mwaka 1988 ziliwapa wenye matangi ya zamani hadi Desemba 22, 1998 kuyaboresha, kuyabadilisha au kuyafunga. Tangu mpango huo uanze, uvujaji zaidi ya 560,000 umethibitishwa nchini humo.

Kanuni hizo zinamtaka mmiliki kuiarifu mamlaka husika siku 30 kabla ya kulifunga tangi, kisha apime udongo mahali ambapo uchafuzi unatarajiwa zaidi. Uvujaji ukithibitika, ana saa 24 za kutoa taarifa.

Kwanza mafuta na tope lililobaki hunyonywa, na mvuke hutolewa ili tangi lisilipuke. Linapoinuliwa, wakaguzi hutafuta kutu na matundu. Lakini tangi zima si ushahidi wa udongo safi, kwani mafuta mengi huvuja kwenye maungio ya mabomba, chini ya pampu, au humwagika kwenye mdomo wa kujazia. Sehemu hizo zote huchimbwa na kupimwa.

Upimaji huo una hila yake. Petroli huyeyuka hewani upesi, hivyo udongo ulioachwa juani kutwa nzima unaweza kuonekana safi maabara hata kama shimo limechafuka. Ndiyo maana sampuli hukatwa kutoka katika udongo uliofunuliwa wakati huo huo, hufungiwa katika chupa za kioo na kuwekwa kwenye barafu. Mkandarasi anayechota mchanga wa juu ya rundo, au anayejaza kifusi kabla ya vipimo, amefuta ushahidi, awe amekusudia au la.

Kifaa cha mkononi cha kupima mvuke husaidia kuchagua mahali pa kuchota, lakini hakichukui nafasi ya maabara. Huko hutafutwa hasa benzini, inayosababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri maji ya kunywa yasizidi maikrogramu 10 za benzini kwa lita. Marekani inaruhusu 5 tu.

Uchafu ukipatikana, huchimbwa visima vya uchunguzi. Huhitajika angalau vitatu, kwa kuwa ni kwa kulinganisha vina vya maji katika sehemu tatu ndipo hujulikana maji ya ardhini yanaelekea upande gani. Katika mchanga mafuta hushuka haraka. Katika mfinyanzi hukwama, au hupenya kwenye nyufa na kutokea mahali pasipotarajiwa.

Usafishaji hutegemea majibu hayo. Udongo mchache huchimbwa na kuondolewa. Mwingi hunyonywa mvuke kwa mitambo, au huachiwa bakteria wanaokula mafuta huku maji yakipimwa mara kwa mara.

Afrika Mashariki nako madhara ya mafuta ardhini yamekwisha kuonekana. Mwaka 2015, mafuta yaliyovuja katika bomba kuu eneo la Thange, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, yalichafua mto na visima vya wakulima. Katika miji ambako nyumba nyingi hutegemea visima, anayenunua kiwanja kilichowahi kuwa kituo cha mafuta ana haki ya kudai majibu ya maabara kabla ya kutia saini.