Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Goma: Historia Fupi

Nimeombwa kurasa chache juu ya kanisa kuu letu, nami nikakubali upesi kuliko ilivyofaa. Mtanisamehe nikikaa zaidi kwenye mwanzo.

Mwanzo wenyewe uko ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Kule Nyundo, juu ya Gisenyi, Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, wenye kanzu nyeupe na rozari shingoni, walifungua misheni mwaka 1901. Mwaka 1952 Aloys Bigirumwami akawekwa kuwa askofu huko, Mwafrika wa kwanza katika nchi zote zilizokuwa chini ya Wabelgiji. Habari hiyo ilivuka mpaka bila kuulizwa karatasi. Sisi wa Masisi na Walikale bado tulikuwa chini ya Bukavu, mwisho wa Ziwa Kivu, na baba askofu tulimsikia kwa jina tu.

Tarehe 30 Juni 1959 Roma ikaitenga Goma na Bukavu, na tarehe 10 Novemba ikaifanya jimbo kamili. Hesabu wewe mwenyewe: Juni ile ilikuwa mwaka mmoja kamili kabla ya Uhuru wa Kongo! Mwaka huo wa uhuru ndipo tulipopewa Askofu Joseph Mikararanga Busimba. Yosefu kukabidhiwa nyumba ya Yosefu, mimi sijawahi kuliona kuwa jambo la bahati tu.

Ilikuwa miaka mizuri ile. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Misa ilitoka kwenye Kilatini ikaja kwenye Kiswahili, na bibi zetu wakaanza kumjibu padri kwa maneno wanayoyaelewa. Kwenda Goma kutoka Kalembe ulipita Mweso, Kitshanga na Sake, na urefu wa safari uliamuliwa na mvua, si kilomita. Ulipofika Goma ulilala kwa ndugu, asubuhi ukafua vumbi, ukaingia kanisani umenyooka.

Baba Busimba alituaga mwaka 1974. Faustin Ngabu akashika fimbo hadi 2010, na mengi yalimpitia mikononi: wakimbizi wa Rwanda wa Julai 1994 na kipindupindu chao, kisha miaka ya vita ambayo aliyekuwapo hahitaji kusimuliwa.

Siku ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipasuka na lava ikashuka mjini. Watu wapata laki nne walikimbia, wengi wakielekea Gisenyi. Kanisa kuu liliungua. Tuliporudi tulikuta mawe meusi, bado ya moto, pale tulipozoea kupiga magoti.

Yaliyofuata nayataja tu. Askofu Théophile Kaboy, 2010 hadi 2019. Wakimbizi wa 2012 kwa Wasalesiani wa Don Bosco Ngangi. Askofu Willy Ngumbi, tangu 2019. Lava ya Mei 2021, iliyosimama kabla ya kuingia katikati ya mji. Januari 2025, mji ulipotekwa, mnajua. Juni 2025, huko Roma, Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa ili chakula kibovu kisipite mpakani, alitangazwa Mwenye Heri.

Aliye na picha ya kanisa la kabla ya 2002, hata iliyochanika, ya ndoa au ya kipaimara, aipeleke parokiani kwake. Nyingi ziliungua pamoja na nyumba zetu.