Ndege ya mbao ya kujiundia kwa michoro

Ndege ya kujiundia ni ndege ndogo, aghalabu ya kiti kimoja au viwili, ambayo mwenyewe huiunda nyumbani au karakanani kwa kufuata michoro iliyochapishwa. Makala hii inahusu zile za mtindo wa zamani, zenye kiunzi cha mbao, mabawa yaliyovikwa kitambaa na rubani anayekaa bila paa juu ya kichwa. Mfano unaofuatwa ni Air Camper ya Mmarekani Bernard Pietenpol. Mahali panapofikiriwa ni Segese, kata ya Halmashauri ya Msalala kaskazini mwa Kahama, katika ukanda wa dhahabu unaoelekea Geita.

Miongoni mwa wa kwanza kuiacha michoro yao itumiwe na yeyote alikuwa Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyeishi Paris. Michoro ya kindege chake Demoiselle ilichapishwa Marekani mwaka 1910 na jarida la Popular Mechanics. Pietenpol alikuja baadaye. Alikuwa fundi wa kujifunza mwenyewe katika kijiji cha Cherry Grove, jimbo la Minnesota, na mwaka 1929 alirusha ndege ya viti viwili iliyoendeshwa na injini ya gari, Ford Model A. Mhariri wa jarida moja alikuwa ameandika kwamba injini ya gari haifai kurusha ndege. Pietenpol na mwenzake wakaruka na ndege mbili hadi Minneapolis kumwonyesha, na jarida lilelile likaishia kuichapisha michoro yake. Ndege za aina hiyo zinaundwa hadi leo.

Mchoro kuchapishwa hakuufanyi kuwa salama. Mfaransa Henri Mignet alitoa kitabu mwaka 1934 kilichowafundisha maelfu ya watu kuunda Pou-du-Ciel, ndege yenye mabawa mawili, moja nyuma ya jingine. Baadhi zilipoinamisha pua hazikuinuka tena, marubani wakafa. Majaribio ya mwaka 1936 kwenye mahandaki ya upepo yalionyesha kwamba mabawa hayo yalivurugiana hewa, na ndege ikapigwa marufuku Uingereza na Ufaransa. Kwa hiyo mchoro wa kuchagua ni ule ambao ndege zake zimeruka miaka mingi mikononi mwa watu wengi.

Ndege za mbao na kitambaa si ngeni Afrika Mashariki. Shirika la Wilson Airways la Nairobi lilianza mwaka 1929 kwa ndege ya Gipsy Moth, yenye mabawa ya aina hiyohiyo. Ila mchoro wa Cherry Grove umebeba ndani yake hewa, mbao na injini za kwao, na anayeunda Segese hana budi kuvipigia hesabu upya vyote vitatu kabla hajashika msumeno.

Aanze na hewa. Cherry Grove iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali uwanda wa Kahama uko takriban mita 1,200. Joto likifika nyuzi 30, jambo la kawaida mwezi Oktoba kabla ya mvua, hewa ya hapa huwa nyepesi kama ile ya mita 2,000. Injini isiyosukumiwa hewa hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu, hivyo nguvu za farasi 40 za Ford hubaki kama 32. Pangaboi na mabawa navyo hushika hewa kidogo zaidi, kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi chini na hupanda polepole. Waundaji wengi hufunga injini ya Continental A65 ya farasi 65. Baada ya hasara hiyo inabaki na takriban 52, na kwa Segese huo ndio uamuzi wa busara. Injini za Toyota zimejaa kila gereji, lakini hutoa nguvu kwa mizunguko mingi mno kwa pangaboi, wakati Ford ilitoa farasi 40 kwa mizunguko 2,200 tu kwa dakika. Toyota hudai giya ya kupunguza mwendo, na giya hiyo ni uzito na ni hatari nyingine.

Mbao ndiyo inayohitaji subira kubwa. Mchoro unataka sprusi ya Amerika, nyepesi na yenye nyuzi zilizonyooka. Mninga wa misitu ya Kahama na Tabora ni mbao bora ya fanicha, lakini uzito wake ni karibu mara moja na nusu ya sprusi. Misonobari ya Sao Hill, Mufindi, hukua haraka, na pete zake mara nyingi huwa pana kupita kiasi. Kipimo cha sprusi ya ndege ni pete zisizopungua sita kwa inchi, na nyuzi zisizopinda zaidi ya inchi moja kwa kila inchi 15. Fundi wa jahazi pwani hukata kwa jicho na chombo kikaelea, lakini mhimili wa bawa haukubali hivyo. Bila mbao iliyopimwa, ni heri kuagiza sprusi kwa mihimili hata kama gharama itauma.

Gundi ya zamani iliyotokana na maziwa huoza kwa unyevu na ukungu. Epoksi hustahimili zaidi, ingawa nayo hulegea bawa la rangi nyeusi linapoachwa juani. Rangi nyeupe, banda lenye kivuli na ulinzi dhidi ya mchwa ni sehemu ya kazi yenyewe.

Ufundi haukosekani. Karakana za Kahama, Kakola na Katoro zinazotengeneza makarasha ya kusaga mawe zina watu hodari wa kukereza na kuchomelea. Mazoea yao ndiyo ya kuangaliwa: karasha likivunjika huongezewa chuma, na kila kilo ya ziada kwenye ndege hulipwa wakati wa kupaa. Nondo na vyuma chakavu visitumike kwenye vishikizo vya mabawa.

Sheria ya Tanzania hairuhusu ndege kuruka bila usajili, wenye alama ya 5H, na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Inayofaa kuandikiwa mapema ni mamlaka hiyo, kabla ya ununuzi wa mbao, na mkaguzi aitwe mabawa yakiwa bado wazi, kwa maana kitambaa kikishavikwa maungio ya gundi hayaonekani tena.