Banda la ng'ombe wa maziwa Pwani: upepo kwanza, maji baadaye

Kila mwaka kaskazi inapolegea, kuanzia Februari hadi masika yaanguke, wafugaji wa Kilifi, Kwale na Mombasa hulalamikia jambo moja: maziwa yamepungua. Mmoja husema ni majani, mwingine husema ng'ombe amepigwa jicho. Mara nyingi sababu ni joto, na joto hilo huzidishwa na banda tulilomjengea wenyewe.

Ng'ombe wengi wa maziwa tulio nao huku wametoka bara, au damu yao ni ya bara. Frishiani hustarehe hewa ikiwa chini ya nyuzi 25 hivi. Mombasa mwezi wa Machi mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku ni shida kushuka chini ya 24. Tena hewa yetu imejaa unyevu wa bahari, na hapo ndipo taabu ilipo.

Wataalamu wa mifugo wana kipimo kinachochanganya joto na unyevu. Kikifika 72 ng'ombe wa maziwa huanza kutaabika, na yule wa maziwa mengi huanza mapema zaidi. Mchana wa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70 hutoa kama 84. Usiku wa nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 85 hutoa kama 75. Maana yake, ng'ombe wetu hapumziki hata sisi tukiwa tumelala. Ng'ombe wa bara hupata nafuu jua likizama, wa kwetu hapati.

Joto humfanya nini?

Ng'ombe hutengeneza joto mwilini mwake mwenyewe, hasa tumboni anapomeng'enya majani. Akishindwa kulitoa hupunguza kula, na akipunguza kula maziwa hushuka. Huenda akamhitaji dume bila kuonyesha dalili, au akapandishwa na mimba isishike. Mwenye mimba kubwa akiteswa na joto miezi miwili ya mwisho, huzaa ndama mdogo na maziwa ya uzazi huo huwa haba. Kwa hivyo aliyekaushwa naye anahitaji kivuli na upepo kama anayekamwa.

Kumjua ni rahisi. Simama pembeni, tazama ubavu wake na uhesabu pumzi kwa dakika moja. Zikipita 60, joto limemlemea. Akihema mdomo wazi, ulimi nje na mate yakichuruzika, yuko hatarini. Dalili nyingine ni kukataa kulala na kung'ang'ania kando ya maji.

Lakini usidhani kila anayehema ana joto la jua. Ndigana kali huua ng'ombe wengi huku kwetu, nayo pia huleta homa na kuhema. Mpime kwa kipimajoto njia ya haja kubwa alfajiri, kabla jua halijatoka. Mzima huwa na kama nyuzi 38.5. Akipita 39.5 saa hiyo, na tezi za chini ya masikio au mbele ya bega zimevimba, muite daktari wa mifugo mara moja.

Ubovu wa mabanda yetu

Michoro mingi tunayoiga ni ya bara, ambako usiku kuna baridi na mfugaji huziba pande ili ndama asipate homa ya mapafu. Sisi tumeichukua vilevile, tukaongeza kuta za mawe kwa hofu ya wezi, tukaezeka mabati ya chini. Hilo si banda tena, ni tanuri. Hofu ya wizi ni ya kweli, lakini nguzo za mvinje na fito zilizopigwa kwa nafasi, au waya wa nguvu, humzuia mwizi na kupitisha upepo.

Banda la Pwani lielekee hivi: urefu wake utoke mashariki kwenda magharibi. Kwa njia hiyo jua la asubuhi na la jioni hupiga kwenye ncha fupi tu, na pande ndefu hutazama kaskazini na kusini. Kaskazi ikivuma itaingia upande mmoja, kusi ikigeuka itaingia upande wa pili. Pande hizo ziache wazi. Paa liwe juu, mita 3 kwenda juu pale pembeni, na kileleni uache mwanya hewa ya moto itokee.

Makuti ni bora kuliko mabati kwa ubaridi, ila yanataka mwinamo mkali na kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Mwenye mabati ayapake rangi nyeupe juu, au afunge dari la makuti chini yake. Mwembe au mwarobaini upande wa magharibi husaidia sana, mradi matawi ya chini yapogolewe yasizibe upepo. Samadi itolewe kila siku. Msirundike ng'ombe wanne mahali pa wawili.

Maji ya kunywa na maji ya kumwagia

Anayekamwa hunywa lita 60 hadi 100 kwa siku wakati wa joto, yaani jerikani tatu hadi tano za lita 20. Maziwa karibu yote ni maji, kwa hivyo anayemnyima ng'ombe maji anajinyima maziwa. Yawepo usiku na mchana, na hori liwe kivulini. Tangi jeusi lililo juani humpa maji ya moto asiyoyataka. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi pia humfanya anywe kidogo. Ukiweza yachanganye na ya mvua au ya mfereji.

Kuhusu kumwagia, hapa wengi hukosea. Wenye ndugu Saudia huenda wamesikia habari za mashamba makubwa ya Al Kharj, ambako ng'ombe hupozwa kwa mvuke mwembamba wa maji na mapangaboi. Kule ni jangwa, hewa ni kavu na maji hukauka upesi yakichukua joto. Kwetu mvuke huo huelea tu na kuongeza fukuto. Banda lisilo na upepo likilowanishwa ni baya kuliko kavu.

Ukitaka kumwagia, mtoe penye upepo au mbele ya pangaboi. Mwagia mgongo na shingo hadi ngozi ilowe, mwache akauke, kisha rudia. Usimfunike gunia bichi, linafungia joto ndani. Usiache maji machafu yachuruzike hadi kwenye kiwele wala sakafu kubaki tope, kwani hapo ndipo ugonjwa wa kiwele na kuoza kwato huanzia.

Chakula

Joto la tumbo hupanda saa chache baada ya kula. Ukimlisha sana saa nne asubuhi, joto lake hukutana na la adhuhuri. Mpe sehemu kubwa ya chakula baada ya Magharibi na tena alfajiri. Mchana mpe kidogo. Nepia iliyokomaa ikawa kama kuni humzidishia joto. Ikate ikiwa changa na uikatekate. Jiwe la chumvi na madini lisikose, kwa sababu chumvi hutoka na jasho.

Anayetaka kununua ng'ombe afikirie Jasi au chotara wa Sahiwali kabla ya Frishiani kamili. Maziwa huenda yakawa machache kwa siku, lakini joto letu hawalihofu sana.

Mwenye pesa kidogo aanze na ukuta: avunje upande wa kaskazini na wa kusini. Kisha maji ya kunywa yasiyokatika, halafu kivuli. Pangaboi ni la mwisho. Na kabla ya kulinunua, simama ndani ya banda lako saa nane mchana kwa dakika kumi. Shati likiloa jasho na hakuna kinachotikisika, usitafute aliyempiga ng'ombe jicho.